Debe, mtungi na jerikeni: Historia ya Tana iliyonunuliwa dukani

Anayetaka kuisoma historia ya Tana River atapelekwa na vitabu kwenye mambo makubwa. Atasoma habari za Usultani wa Witu, uliotiwa chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885 na kukabidhiwa Waingereza mwaka 1890. Atasoma habari za wamishenari wa Golbanti na Ngao. Atafika Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo mwaka 1959, kisha ataingia kwenye miradi: mashamba ya kunyunyiziwa maji ya Hola na Bura, na mpunga wa TARDA katika delta. Yote hayo yalitokea na yote yastahili kuandikwa. Lakini sijapata kukiona kitabu kinachosema ni lini mwanamke wa Garsen alitua mtungi wa udongo kichwani kwa mara ya mwisho.

Nikilitaja jambo hili darasani, wanafunzi hucheka. Ati Profesa, mtungi nao una historia? Unayo, tena ni historia iliyogusa siku ya kila mtu, kuliko mradi wowote niliotaja hapo juu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna serikali inayoweza kulibadilisha hilo. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vile vinavyojulikana kwa jina la Sphere, vinapendekeza lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Jamaa ya watu sita basi yahitaji lita 90, yaani kilo 90 za kubebwa kila kunapokucha. Mkulima Mpokomo aliye kandokando ya mto hana mwendo mrefu, ila mto wenyewe una mamba na viboko. Mfugaji Muorma au Mwardei aliye ndani ya nyika wakati wa kiangazi ana mwendo mrefu, na mamba anawakuta mwisho wa safari vilevile. Kwa wote wawili, chombo ndicho kinachoamua safari zitakuwa ngapi, na mtu atainama ukingoni mara ngapi.

Makumbusho ya Taifa hayana kumbukumbu ya kutosha kuhusu chombo hicho. Lugha inayo. Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, wote wakiwa wa kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda, Kikomoro na Kielwana cha Wamalakote. Neno nyungu, ambalo chungu ni udogo wake, ni urithi wa Kibantu wa tangu na tangu. Ukilisikia, jua hapana muuza duka aliyehusika: udongo ulichimbwa, ukafinyangwa, ukachomwa. Lakini ukisikia debe, sufuria, kiberiti, chandarua au jerikeni, jua kuna mtu alitoa pesa, au pembe, au kapu la mpunga, akapokea kitu kilichotoka ng'ambo. Maneno ya mkopo ya vyombo ni kama risiti. Mwenye kununua aliitupa, lugha ikaiweka.

Risiti nyingine zina hata anwani. Mwaka 1833 Marekani na Sultani wa Zanzibar walipatana kufanya biashara, na vitambaa vyeupe vya pamba kutoka Massachusetts vikamiminika pwani. Kitambaa kikaitwa kwa jina la nchi yake, marekani, hata mtu ambaye hakujua Marekani iko upande gani wa bahari alijua marekani ni ya kuvaa. Ni jina la nchi lililogeuka kuwa jina la nguo. Haya, tuiache nguo, turudi kwenye maji.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mafuta ya taa ya Marekani yalianza kufika pwani yetu. Yalikuja katika makopo ya bati ya mraba, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, kila moja likichukua galani nne za Kiingereza au tano za Kimarekani. Galani zao hazilingani, lakini kwa vyovyote ni lita 18 na kitu. Wauza duka wenye asili ya Bara Hindi waliliita kopo hilo kwa neno lao, nasi tukalipokea: debe. Kufikia mwaka 1939, Kamusi Sanifu iliyotayarishwa na Johnson ilipochapishwa, neno hili lilikuwa Kiswahili kamili.

Tazama lilivyofanya kazi. Mafuta yakiisha, kopo halikutupwa. Liliuzwa tena, pengine kwa faida kuliko mafuta. Fundi alilitoboa pande mbili, akapitisha kipande cha mti cha kushikia, likawa ndoo. Likipasuliwa na kunyooshwa, likawa bati la paa au la mlango. Likipimiwa mpunga, likawa kipimo, na hadi leo ukienda sokoni nafaka inauzwa kwa debe hata kama kinachopimia si debe. Usiku shambani, mtoto aliligonga kuwafukuza viboko, na mchana ndege wa mpunga. Kuligonga debe kumetupa pia msemo wa kupiga debe, na leo mtu anapigiwa debe ili achaguliwe. Akichaguliwa au akikataliwa, Wakenya husema ameshinda au ameshindwa debeni, maana sanduku la kura nalo tumeliita debe. Sijui kopo lingine la mafuta duniani lililopanda cheo hivi.

Hapa pana somo dogo kwa walimu wa methali. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba methali ni maneno ya wahenga wa kale, kana kwamba zote zilishuka siku moja. Debe tupu haliachi kuvuma ni methali nzuri mno. Lakini haiwezi kuwa kongwe kuliko debe lenyewe. Mhenga wa methali hii alikwisha kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Si mhenga wa enzi za Shungwaya; ni babu wa babu yetu tu, na alikuwa na macho ya kuona.

Kwa mwanamke wa mtoni, debe lilikuwa na sifa moja kubwa: halikuvunjika. Mtungi wa udongo ni mzito hata kabla ya kutiwa maji, na ukiteleza ukingoni umekwisha, pamoja na kazi ya mfinyanzi. Debe likianguka hubonyea, unalinyoosha, unaendelea. Lakini lilikuwa na kero zake. Mdomo ulikuwa wazi, maji yakichupa njiani, na ndiyo sababu wanawake waliweka tawi la majani juu ya maji ili yatulie. Kingo zake zilikata. Lilishika kutu. Na nyumbani, kila aliyetaka maji alichovya kikombe, na mkono ukafuata kikombe.

Jerikeni ilitokana na vita. Miaka ya 1930 jeshi la Ujerumani lilitengeneza kopo la chuma la lita 20 la kubebea petroli, lenye vishikio vitatu juu na kifuniko kisichovuja. Waingereza walianza vita wakiwa na kopo lao jembamba la galani nne, ambalo, msomaji, si jingine ila ndugu wa debe letu. Katika jangwa la Afrika Kaskazini kopo hilo lilipasuka na kuvuja hata mafuta mengi yakanywewa na mchanga. Wanajeshi walipoyateka makopo ya adui waliyapenda, wakayatumia, kisha viwanda vyao vikayaiga. Kwa kuwa Jerry lilikuwa jina la utani la Mjerumani kinywani mwa askari wa Kiingereza, kopo likaitwa kopo la Jerry. Nasi tukatamka jerikeni.

Vita hivyo havikuwa mbali na Garsen. Mwaka 1940 Waitalia walikuwa Somalia, na Waingereza waliufanya Mto Tana kuwa mstari wao wa ulinzi, vikosi vikikaa Garissa na Bura. Februari 1941 majeshi yalivuka kutoka huku, yakaitwaa Kismayu. Wajerumani wa Witu walikuwa wameondoka nusu karne nyuma bila kuacha mengi katika lugha ya watu wa Tana. Ajabu ni kwamba jina la utani la kabila lao ndilo linalobebwa leo kichwani, kila asubuhi, na watu wasiojua kwamba wanamtaja Mjerumani.

Jerikeni ya chuma ilikuwa ya jeshi na madereva. Iliyobadilisha maisha ni ya plastiki, iliyoenea katika miongo iliyofuata uhuru, hasa ile ya manjano inayokuja na mafuta ya kupikia. Ni nyepesi kiasi kwamba mtoto huibeba ikiwa tupu huku anacheza. Ina kifuniko. Haikati, haishiki kutu, na ikidondoka haina habari. Hulazwa ubavuni mwa punda mbili huku na mbili huku, ikafungwa nyuma ya baiskeli, na sasa bodaboda hubeba nne au tano kwa mara moja. Mafuriko yakija huelea. Bei ya iliyotumika haifiki bei ya kuku. Nionyeshe mradi wa maendeleo uliowapa watu wa Tana yote hayo kwa bei hiyo.

Na kuna jambo la kiafya ambalo watengenezaji wa kopo la petroli hawakuliwaza. Mdomo wa jerikeni ni mwembamba, mkono hauingii. Maji humiminwa, hayachotwi. Mahali ambapo kipindupindu kimekuwa kikirudi kila baada ya mafuriko, kuzuia mkono usiingie katika maji ya kunywa si jambo dogo. Ukiongeza kichupa cha dawa ya maji kinachouzwa dukani, mtoto amepata kinga kabla hajafika zahanati. Ila tahadhari moja: jerikeni iliyowahi kutiwa dawa ya kuua wadudu wa shamba haioshwi ikafaa kwa maji, hata uisugue kwa mchanga kutwa nzima.

Sasa angalia lugha ilivyofanya. Debe liliacha mwili, jina likabaki: bati lile limekaribia kutoweka, lakini neno liko sokoni, liko kwenye siasa, liko kwenye methali. Mtungi ulifanya kinyume chake. Udongo ulikwenda, jina likahamia kwenye plastiki. Msikilize mchuuzi wa maji mjini Garsen au Malindi: anauza maji kwa mtungi, na mtungi wake ni jerikeni ya lita 20. Wahariri wa magazeti nao huandika mitungi ya maji na kila msomaji anaelewa. Wako wenzangu wanaolalamika kwamba huko ni kuharibu Kiswahili, kwamba mtungi ni wa udongo basi. Siwaungi mkono. Mtungi ni chombo cha kutia maji ya jamaa. Kazi ndiyo iliyobeba jina, na kazi haijabadilika, wala anayeifanya.

Hata hivyo, ule wa udongo haujafa. Garsen ni mahali pa joto, na maji yaliyokaa ndani ya plastiki juani hunyweka kwa shida. Udongo hutoa jasho na maji yakapoa. Ndiyo maana utakuta nyumba yenye jerikeni tano nje na mtungi mmoja wa udongo pembeni, umefunikwa, na kata juu yake. Jerikeni huleta, mtungi hupoza. Watu hawakutupa cha zamani kwa sababu kipya kimekuja, waligawa kazi.

Kwa maziwa, mambo hayakuwa mazuri hivyo. Wanawake wa jamii za wafugaji wamekuwa wakitunza maziwa katika vibuyu na vyombo vya kusuka, wakivifukiza kwa moshi wa miti wanayoijua, na moshi huo huyasaidia maziwa yasiharibike upesi. Biashara ya maziwa ilipokua, jerikeni ikachukua nafasi kwa sababu ni nyepesi na haivuji ndani ya matatu. Lakini plastiki haifukizwi. Na ule mdomo mwembamba unaozuia mkono wa mtoto kuchafua maji ndio huohuo unaozuia mkono wa mama kusugua ndani. Kitu kimoja, sifa ileile, neema kwa maji na balaa kwa maziwa. Chombo cha alumini chenye mdomo mpana ndicho kinachofaa maziwa, lakini bei yake si ya kuku tena. Labda ni ya mbuzi.

Nitaje upesi vitu viwili vingine, kwa kuwa lugha imevifungamanisha kwa namna inayonichekesha. Sufuria ni neno la Kiarabu linalotokana na jina la shaba ya manjano. Leo sufuria zetu ni za alumini, nyeupe kabisa, lakini neno limebaki na umanjano wake ndani. Kutoka mzizi huohuo wa umanjano tulipata safura, ule ugonjwa wa kukaukiwa damu unaoletwa na minyoo, mgonjwa akapauka uso. Minyoo hiyo huingilia nyayoni, mtu anapokanyaga mchanga mbichi wenye uchafu. Dawa yake ya kwanza haikuwa ya hospitali. Ilikuwa kandambili. Neno hili halikukopwa popote: ni kanda, ni mbili, basi. Wengine huku pwani husema champali au malapa, bara wakasema patipati, na kila mtu anajua ni zile za raba za bei ya chini. Zimewaokoa watu wengi wasiojua kwamba wameokolewa, na hakuna aliyewahi kuzifungulia sherehe kwa kukata utepe.

Lakini si kila kinachouzwa dukani hufika kwa anayekihitaji, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema soko litafanya kila kitu. Chukua chandarua. Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi, likiwa na maana ya pazia la juu, kivuli cha kitambaa. Baadaye likabanwa kwenye kitanda kuzuia mbu. Kwa muda mrefu chandarua kilikuwa kitu cha mzungu, karani na mwenye duka. Kisha watafiti katika jirani yetu Kilifi wakajaribu vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa thuluthi moja hivi, na watoto waliolazwa kwa malaria kali wakipungua zaidi ya hapo. Hebu fikiria: kipande cha kitambaa chenye matundu.

Watu wa delta, wanaoishi na mbu kama majirani, hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mbu ni adui. Tatizo lilikuwa pesa. Katika wilaya nne za Kenya zilizofuatiliwa na watafiti, Kwale ikiwa mojawapo, mwaka 2004 hawakufika watoto 10 katika kila 100 waliolala ndani ya neti yenye dawa, ingawa neti zilikuwa zikiuzwa madukani. Bei ilipopunguzwa katika kliniki, idadi ikapanda kiasi. Mwaka 2006 serikali ilipozigawa bure kwa mamilioni, ikapita 60. Yaani kitu kilekile, watu walewale, mbu walewale. Kilichobadilika ni bei. Hata neno likabadilika: kilichouzwa kiliitwa chandarua katika matangazo na vitabu vya shule, lakini kilichoingia kila nyumba kiliitwa neti. Kamusi zetu bado zinalitazama neno hilo kwa jicho la pembeni. Mimi ningeliingiza leo, na tarehe yake.

Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada: nendeni Garsen, Ngao, Idsowe, Kipini, mkae na akina bibi waliofika miaka 80. Waulizeni jerikeni ya kwanza nyumbani ilinunuliwa na nani, kwa pesa iliyotoka wapi, na nani alikataa. Ulizeni Kipokomo kiliiitaje, na Kiorma. Ulizeni siku ile mume alinunua redio na mke akataka sufuria. Hayo hayamo katika barua za Mkuu wa Wilaya.

Ukitaka kujua uzito wa vitu hivi, tazama vinapokosekana. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, na yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yakarudi 2024, yaliwatoa maelfu ya watu wa delta makwao hadi kambini kwenye miinuko. Baada ya chakula, magari ya misaada huleta mablanketi, turubai, sufuria, sabuni, neti na jerikeni. Someni orodha hiyo tena: ni ununuzi wa miaka mia moja na zaidi, umepakiwa lori moja. Katika karatasi za mashirika huitwa vifaa visivyo vya chakula. Ni tafsiri mbovu, kwani inakitaja kitu kwa kile ambacho si. Muulize mwanamke aliyepanda mtumbwi usiku ameokoa nini, hatakwambia vifaa visivyo vya chakula. Atakwambia ameokoa vyombo vyake, au vyombo vyake vimekwenda na maji.

Viwango vile vya Sphere vinasema kila jamaa ipewe vyombo viwili vya maji, kimoja cha kutekea na kimoja cha kuwekea. Wanaogawa wakati mwingine hutoa kimoja, wakidhani wamefika nusu ya njia. Jamaa yenye jerikeni moja, jerikeni hiyo ikienda mtoni, nyumbani hakuna maji. Na ikirudi imejaa, hakuna wa kwenda tena mpaka yaishe.